Tochi ndogo ya kubofya nyuma: swichi ikianza kusumbua, uzoefu wangu Lamu

Tochi yangu ni ile ndogo ya alumini ya betri moja ya AA, swichi yake iko kitakoni, na kwa mwangaza sina neno, stima ikipotea usiku kwenye vichochoro vya Langoni wamuona punda alolala njiani kabla hujamfikia. Shida ni swichi. Ilianza polepole, wabofya yawaka halafu yazima yenyewe, waigonga kiganjani yarudi, mwisho ikawa lazima uikandamize na kidole gumba ndo iwake. Hapa wengi ikifika hivyo wanatupa wananunua ingine, jamani msitupe, manake mara nyingi swichi yenyewe haijafa.

Kwanza hakikisha. Fungua kifuniko cha nyuma, betri iache mle mle, chukua kipande cha waya, ncha moja iguse kitako cha betri upande wa hasi na ya pili iguse ukingo wa bomba pale alumini iko wazi haina rangi. Yangu iliwaka moja kwa moja bila kupepesa, basi betri nzima, taa nzima, ugonjwa uko kwenye kifuniko.

Ukichungulia ndani ya kifuniko kuna ringi ya chuma yenye vitundu viwili, hiyo ndo inaibana swichi na ndo inapitisha umeme kwenda kwenye bomba la tochi, ikilegea kidogo tu moto unakatikakatika. Nilitia koleo ya mdomo mwembamba kwenye vile vitundu nikazungusha kushoto, ringi ikatoka, swichi na springi yake zikafuata. Chini ya springi kumeshika unga wa kijani, na ukingo wa bomba una utando mweupe. Ni kazi ya chumvi hiyo, hewa ya bahari huku haina huruma na vitu vya umeme, na tochi ukiwa waingia nayo kwenye mashua ndo zaidi.

Nikafuta na pamba yenye spiriti, palipogoma nikasugua na raba ya penseli. Msasa siushauri kabisa, unakwangua lile ganda jembamba linalozuia kutu na tatizo litarudi upesi. Springi nikaivuta kidogo ikasimama, ringi nikairudisha nikaikaza sawasawa. Sasa naibofya mara moja inawaka, naitikisa, haizimi.

Kama umesafisha ukakaza na bado haishiki, hapo swichi imekwisha, pima upana na kimo chake umpelekee fundi wa redio akutafutie ya saizi ile ile, usinunue kwa kukisia.

Tochi naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ule mpira wa kuzuia maji ulikuja mkavu kabisa, mimi ndo nimeupaka grisi ya silikoni kidogo, na nikitoka baharini nafungua kifuniko nafuta yale meno yake na kitambaa kikavu.