Kipimajoto cha shilingi 350 kwa mbwa mdogo mwenye mimba: uzoefu wangu

Hiki ni kipimajoto cha dijitali cha kawaida, kile cha watu kinachouzwa kemisti yoyote mjini Nakuru. Nimekitumia kwa mimba tatu: mbili za Chihuahua wa kilo 2.6 na moja ya Maltese, wote mbwa wa aina ndogo. Kwa mbwa mdogo anayekaribia kuzaa, sijanunua kitu kingine chenye manufaa kama haya kwa bei hiyo. Kina kasoro zake, na nyingine ni za hatari kwa asiyezijua.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38.0 na 39.2. Mimba inapofika mwisho, homoni ya projesteroni hushuka ghafla na joto la mwili hushuka nayo. Uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24 baada ya hapo. Mbwa mkubwa hushuka hadi karibu 37, lakini mdogo anaweza kufika 35, maana mwili mdogo hupoteza joto upesi. Ndiyo sababu sipendekezi kile cha kioo chenye zebaki: vingi huanzia 35, kwa hiyo huoni kinachoendelea chini ya hapo, na kikivunjika una shida nyingine mkononi. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso nacho hakifai kabisa, kwa sababu kinapima manyoya.

Tarehe peke yake haikusaidii. Mimba huchukua siku 63 tangu yai litoke, lakini ukihesabu kutoka siku ya kupandishwa unaweza kupata 57 au hata 72, kwa kuwa mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa ndani ya jike. Na mbwa wa aina ndogo si wa kubahatisha. Hubeba watoto wachache, na kila mmoja ni mkubwa akilinganishwa na nyonga ya mama, hivyo kukwama ni jambo la kawaida na mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Huku kwetu wahudumu wengi wa mifugo kazi yao ni ng'ombe wa maziwa. Daktari mwenye chumba cha upasuaji wa wanyama wadogo, anayeshika simu Jumapili usiku, ni wa kutafutwa mapema. Siku moja ya taarifa ndiyo unayoinunua kwa hizo shilingi 350.

Ninaanza kupima siku ya 54 tangu kupandishwa mara ya kwanza, ili nijue kawaida ya mbwa huyo kabla ya mabadiliko. Napima mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Usipime mara moja kwa siku. Mshuko unaweza kudumu chini ya siku nzima kisha joto likapanda tena, nawe ukabaki unasubiri kitu kilichokwisha kupita. Paka ncha vaselini, mtu mmoja amshike mbwa akiwa amesimama, ingiza sentimita 2 kwenye njia ya haja kubwa, kisha iegemeze ncha iguse ukuta wa ndani. Ikizama kwenye kinyesi inakupa namba ya uongo. Usipime akiwa ametoka kukimbia au kula. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Mfano wa namba za Maltese: wiki nzima alikuwa kati ya 38.1 na 38.5. Siku ya 61 asubuhi 37.8, mchana 36.9, usiku 36.4. Alianza kuhema, kuchakura matandiko na kukataa chakula usiku huohuo, na mtoto wa kwanza akatoka asubuhi. Kinachotazamwa ni kushuka kwa digrii moja au zaidi kutoka kawaida yake na kukaa hapo vipimo viwili mfululizo. Kipimo kimoja cha chini kinaweza kuwa kosa la mkono.

Kasoro kubwa ya njia hii ni mimba ya mtoto mmoja. Kwa mbwa wadogo hutokea, na mtoto mmoja huenda asitoe ishara ya kutosha kuanzisha uchungu, basi mshuko unakuwa mdogo au hauonekani kabisa. Kwa hiyo piga picha ya eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ikiwa imekomaa, uhesabu vichwa. Altrasaundi ya siku ya 28 ni nzuri kuthibitisha mimba, lakini kwa hesabu hukosea.

Joto likishuka, saa 24 zikapita bila uchungu, mpigie daktari. Vivyo hivyo akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, au zikipita saa 2 kati ya mtoto na mtoto na bado wapo tumboni, au ukiona ute wa kijani kibichi kabla ya mtoto wa kwanza. Ute huo unaonyesha kondo limeanza kuachia. Na tafadhali, usikubali sindano ya oksitosini kutoka agroveti kabla ya kuhakikishwa kwamba njia iko wazi. Mtoto akiwa amekwama, dawa hiyo hukaza mfuko wa uzazi juu yake na inaweza kuupasua.

Usikifungie kipimajoto kabatini baada ya mbwa kuzaa. Siku ya kwanza joto la mama hupanda kidogo, hilo si neno. Likipita 39.5 na uchafu unaotoka unanuka, ni maambukizi. Likipita 40 katika wiki tatu za kwanza, huku anahema, anatetemeka na kutembea miguu ikiwa imekakamaa kama vijiti, kalsiamu imemwishia kwenye maziwa. Watenge watoto na umkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, maana kinachofuata ni degedege. Wengi hujaribu kuzuia hali hiyo kwa kumpa kalsiamu wakati wa mimba, na hapo ndipo wanapoiita. Mwili ukizoea kupokea kalsiamu nyingi husahau kuitoa kwenye mifupa, na maziwa yakija unashindwa. Mpe chakula cha watoto wa mbwa kuanzia wiki ya sita, milo midogo minne kwa siku. Ugali na omena hujaza tumbo lililokwisha kubanwa na watoto.

Kwa watoto wenyewe kipimajoto hiki ni kigumu kukitumia. Chagua chenye ncha laini inayopinda, na uingize nusu sentimita tu. Wiki ya kwanza wawe kati ya 35 na 37. Chini ya 32 skrini huandika "Lo" bila namba, na wenye haraka hudhani kimeharibika, kumbe mtoto anakufa kwa baridi. Usiku wa Julai hapa Nakuru hilo ni jambo la saa moja tu stima ikipotea. Mtoto aliyepoa usimpe maziwa, tumbo lake limesimama na hayatasagwa. Mpashe joto kwanza, polepole, kifuani mwako au kando ya chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, hadi apite 35. Kando ya kipimajoto weka mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kwa sababu mtoto wa gramu 110 asiyeongezeka siku mbili huonekana kwenye mizani kabla hajaonekana kwa macho.

Ukinunua, tafuta kinachosoma kwa sekunde 10. Kile cha dakika nzima mbwa hatakivumilia mara tatu kwa siku. Mlio wake humshtua mwanzoni, lakini siku ya tatu ameshauzoea. Kifute kwa spiriti kila baada ya kutumia, kisitumiwe na watu tena, na uweke betri ya LR41 ya akiba. Changu kilizimika siku ya 60, saa nne usiku, maduka yakiwa yamefungwa.