Shina la kubebeshea miche ya kaktasi: lipi ununue kwanza

Miche mingi ya kaktasi inayotokana na mbegu hujivuta mno. Mwaka unaweza kupita mche haujafikia punje ya njegere. Ukiubebesha, yaani ukiukata na kuuunganisha juu ya shina la kaktasi nyingine lenye mbio, mambo hubadilika ndani ya wiki chache. Kazi ni kuchagua shina.

Kwa miche michanga, naweka Pereskiopsis mbele bila kusita. Ni kijiti chembamba chenye majani, kwa hiyo hata mche wa milimita tatu hukaa vizuri juu yake. Ukikata kilele utaona kiduara cha mishipa katikati; hicho na kile cha mche lazima vigusane, japo kwa kupishana. Kidonda kikikauka umepoteza kazi. Kwa hiyo kata tena kipande chembamba sana, kiache palepale juu kama kifuniko, ukiondoe mche ukiwa tayari mkononi. Utomvu wenyewe huushika mche mdogo bila kamba. Ufunike usikaukiwe kwa siku kadhaa.

Unaponunua, tazama ncha: iwe inachipua. Kijiti kilichonyauka au kuota gome usikichukue hata ukipewa bure. Funua na makwapa ya majani, ndimo vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hujificha. Ubaya wa Pereskiopsis ni kiu isiyoisha, kuogopa baridi, na wembamba: kichwa, yaani mche uliobebeshwa, kikinenepa utakihamisha.

Nafasi ya pili ni Trichocereus pachanoi. Ni nene, ina miiba michache, huvumilia baridi na hubeba kichwa miaka mingi. Ila kiduara chake ni kipana, kwa hiyo mche mdogo usiuweke katikati. Hapo mche unakalia nyama tupu isiyo na mishipa. Usogeze pembeni, juu ya mishipa.

Myrtillocactus geometrizans ni ya tatu: hukua haraka, baridi huiumiza.

Hylocereus, lile la pembe tatu, naliweka mwisho ingawa limejaa madukani likibeba vichwa vyekundu vya Gymnocalycium mihanovichii. Vichwa hivyo havina klorofili, ile rangi ya kijani ya kutengenezea chakula, bila shina vinakufa. Lenyewe huoza upesi kwenye baridi na halidumu. Na usinunue kaktasi iliyokwisha kubebeshwa kwa nia ya kukata shina lake ulitumie kubebeshea miche yako. Mara nyingi limeshakomaa.

Pesa ikibaki, nunua wembe mpya na spiriti ya kuufutia. Kisu cha jikoni huponda mishipa.