Meza ya vitabu vya mitumba, Posta

Nilifuata kitabu cha hesabu cha mwanangu, nikarudi na Edipode. Muuzaji huyu wa Posta, Dar, hapangi kwa aina: Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere imelala juu ya Peponi, ile tafsiri ya 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, na chini yake mwongozo wa kufuga kuku. Ndiyo raha yenyewe.

Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, niliianzia kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Tamthilia ya Kigiriki ya miaka zaidi ya 2,400, kumbe ni msako wa muuaji, na taharuki yake si ya kitoto!

Elfu tano, baada ya kuvutana. Ila kurasa mbili za mwisho zimechanika, na mzee alijua. Jumamosi namrudia. Na ile Peponi niiangalie tena.