REAPER kwenye studio ya chumbani: uzoefu wangu kutoka Mtwara

Kama unarekodi waimbaji na ngoma za kupigwa kwa mkono, na laptopu yako ni ya mtumba, chukua REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi na kumiksi muziki. Studio yangu ni chumba kimoja hapa Mtwara mjini: maiki mbili, saundi kadi ya njia mbili, laptopu yenye ramu ya GB 4.

Vijana wengi wanatumia FL Studio, na kwa kutengeneza biti siwabishii. Ila toleo lake la majaribio, ukisevu kazi na kuifunga, huifungui tena mpaka ununue. Sisi tunaorekodi kiitikio leo na ubeti wiki ijayo, hapo tunakwama. REAPER inakupa siku 60 na kila kitu kiko wazi. Faili la kupakua ni dogo, halimalizi bando. Leseni ni dola 60 kwa matumizi binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka.

REAPER iliniteka siku nilipoletewa kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata, ikiwa sampuli 1024, mwimbaji alijisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa, akawa anaikimbiza ngoma. Nikashusha hadi 128, laptopu ikaanza kukwaruza. Kwa 256 mambo yakakaa sawa, nyimbo zikaingia moja baada ya nyingine. Wakati wa kumiksi narudi 1024, kompyuta ipumue.

Halafu kuna feni. Joto la Machi huku kwetu haliruhusu kuizima, mtu ataimba vipi? Ndani ya REAPER kuna kifaa cha kuchuja sauti kinachoitwa ReaFIR: unaisikilizisha mvumo wa feni mtupu kwa sekunde chache, kisha inauondoa kwenye sauti. Itumie kwa kiasi, ukizidisha mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi.

Umeme nao hukatika. Weka ijisevu yenyewe kila baada ya dakika chache, mpangilio huo upo.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba haiji na vinanda wala ngoma za kutosha za kutengenezea biti, na menyu zake zimejazana, utahitaji uvumilivu mwanzoni. Mimi biti naletewa na maprodyuza wenzangu. Nawaomba kila chombo kiwe na faili lake la WAV, yote yaanzie sehemu moja, na tempo iandikwe kwenye jina la faili.