Saa za kwanza baada ya kuondolewa mtoto wa jicho Kisumu

Niliondolewa mtoto wa jicho la kulia katika hospitali moja ya macho mjini Kisumu. Upasuaji wenyewe naupa sifa zote, ila saa zilizoufuata nilipaswa kuandaliwa vizuri zaidi.

Walinipima shinikizo la damu na sukari, kisha wakapima urefu wa jicho na mviringo wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwa kuwa vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua nguvu ya lenzi ya bandia itakayowekwa mahali pa ile iliyofanya ukungu. Muuguzi alichora alama juu ya nyusi na kuniuliza mara tatu ni jicho lipi linalotibiwa, nami nilifarijika kila alipouliza. Kilichouma kweli ni sindano ya ganzi kando ya jicho, na hata hiyo ilikwisha upesi.

Sikulazwa usingizi. Chini ya kitambaa kilichonifunika uso niliona mwanga mkali na rangi zikielea, nikahisi jicho likisukumwa na maji yakitiririka shavuni, lakini maumivu hayakuwapo. Daktari alinieleza kila hatua kabla ya kuifanya, akinikumbusha, "Mzee, usisogeze kichwa." Haikufika nusu saa.

Baada ya hapo nilipewa chai, karatasi ya maelekezo na miadi ya asubuhi iliyofuata, nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kwa bandeji na ngao ya plastiki, na la kushoto, ambalo nalo lina mtoto, halikuweza kunionyesha ngazi zinaishia wapi. Bila binti yangu kunishika mkono ningeanguka. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, ilhali tunaopewa tumekuja kwa sababu hatuoni.

Tulipanda matatu kurudi nyumbani Luanda, kaunti ya Vihiga. Kabla ya kufika Maseno ganzi ilianza kuisha, na kila tuta la barabarani lilipiga moja kwa moja juu ya jicho. Usiku nilihisi kana kwamba mchanga umeingia chini ya kope. Vidonge vya maumivu vilinisaidia, lakini nililala chali nikihofia kwamba lenzi imehama, kwa sababu sikujua uchungu wa kawaida unakomea wapi. Muuguzi alinieleza asubuhi: kukwaruza na machozi ni kawaida, bali maumivu makali yanayozidi licha ya dawa, usaha, wekundu unaoongezeka au kuona kunakopungua ni sababu ya kurudi mara moja. Dakika mbili za maelezo hayo jioni iliyotangulia zingeniokolea usiku mzima.

Bandeji ilipotolewa, niliona kwa ukungu kwanza, kwani konea ilikuwa bado imevimba kidogo, lakini rangi zilikuwa zimerudi. Ukuta wa kliniki ulikuwa mweupe kabisa. Nilipofunika jicho hilo na kuutazama kwa la kushoto, ulionekana kama umemwagiwa chai ya rangi. Nilirudia kufunika na kufunua mara nyingi, na machozi yaliyonitoka hayakuwa ya upasuaji.

La kushoto nitalipeleka kwa daktari yuleyule. Safari hiyo nitalala kwa mpwa wangu Kondele, papo hapo Kisumu, na nimekwisha kumwomba muuguzi amsomee binti yangu ile karatasi kwa Kiswahili kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji.