Ruta ya laini nyuma ya jabali: uzoefu wangu Malimbe

Nina steshenari Malimbe, Mwanza, kando ya njia ya wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, na siku hizi kazi yangu karibu yote inapita kwenye intaneti. Mwanafunzi haji tena na flashi mkononi. Anatuma faili WhatsApp, anasema, "Mama, ni kurasa kumi na mbili, pande mbili," anakaa kwenye benchi kusubiri. Ukifika msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB ndiyo balaa: vyeti vya kuskani, fomu za kupakia, foleni hadi barazani. Hotspoti ya simu ilishanichosha. Simu inachemka, chaji haikai, na mtu akinipigia tu, kompyuta inabaki inazunguka hadi nikate. Ndipo nikanunua ruta ya kuweka laini, ya 4G, yenye antena mbili nyuma na matundu manne ya kebo, inayotoa waifai ya gigahezi 2.4 na ya 5.

Chapa siitaji. Ruta za daraja hili, za chini ya laki mbili, zinafanana ndani na nje, na niliyokutana nayo mimi utakutana nayo wewe hata kama boksi lako lina rangi nyingine.

Nianze dukani, maana huko ndiko watu wanakoumia. Uliza mambo mawili kabla hujatoa hela. La kwanza, je, ruta iko wazi kwa laini zote au imefungwa kwa mtandao mmoja? Zipo nyingi zilizotoka kwa kampuni za simu, zimetumika nje, zikaletwa huku; hizo zinaweza kukataa laini yako kabisa. La pili, inasoma masafa gani? Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa masafa yanayotumika huku, ikawasha taa zote isipokuwa ile moja unayoihitaji. Dawa yake ni fupi: nenda na laini yako yenye bando, mwambie muuzaji aiwashe hapohapo. Akianza kusema umeme hauna nguvu, nenda duka la pili.

Mimi niliijaribu, ikashika. Ila boksi langu lilikuwa limeshafunguliwa kabla, na kule kufunguliwa mbele ya macho yangu hakukuwa kwa kwanza. Nimelijua hilo nyumbani, pale nywila iliyoandikwa chini ya ruta ilipogoma. Kuna mtu alishaibadilisha. Ukikutwa na hali hiyo usirudi mjini kwa nauli yako: tafuta kitundu kidogo kilichoandikwa "reset", ingiza pini au ncha ya klipu ya karatasi, bonyeza na ushikilie kama sekunde kumi huku ruta inawaka, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani na nywila ya kwenye stika inakubali. Kwa kweli hata kama boksi limefungwa vizuri ningefanya hivyo. Hujui nani aliishika kabla yako.

Laini yenyewe inasajiliwa kama laini nyingine yoyote, kidole na namba ya NIDA. (Ukibonyeza *106# unaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, fanya hivyo hata kama hununui ruta.) Kabla ya kuiingiza kwenye ruta, iweke kwanza kwenye simu. Nunua bando, fungua tovuti mbili tatu, na kama laini inadai PIN kila simu inapowashwa, iondoe. Ruta ikikuta laini yenye PIN inakaa kimya na taa ya mtandao haiwaki, wewe unadhani umeuziwa kimeo. Angalia pia ukubwa. Ruta yangu inataka laini ya ukubwa wa kati, wakati simu za sasa zinatumia ile ndogo kabisa. Kwa hiyo kile kifremu cha plastiki ambacho laini hutolewa ndani yake, usikitupe.

Kuwasha sasa. Laini iingie ruta ikiwa imezimwa, dhahabu ikitazama chini, kona iliyokatwa ikifuata mchoro. Funga antena kwa kuzungusha kwa mkono, si kwa koleo. Chomeka chaja yake yenyewe. Chaja ya redio inaweza kuingia tundu lilelile na ikaiunguza, kwa hiyo soma volti. Kisha subiri. Taa ya umeme inapepesa, inatulia, inafuata ya waifai, mwisho ile ya mtandao. Usianze kubonyezabonyeza kabla hazijatulia.

Jina la waifai na nywila viko kwenye stika ya chini, kwa herufi za kutafuta miwani. Piga picha kwa simu, kuza picha, utaona kama ni O au sifuri. Ukishaunganisha, simu nyingi zitaleta ujumbe kwamba waifai hii haina intaneti, halafu zinahamia data zenyewe kimyakimya. Hapo ndipo ukiandika 192.168.1.1 kwenye brauza ukurasa haufunguki, na watu wengi wanakata tamaa hapohapo. Zima data ya simu, uambie simu ibaki kwenye waifai hiyo, andika tena. Namba yenyewe inategemea ruta, nyingine ni 192.168.0.1, iko kwenye stika ileile.

Ukurasa unakuomba uunde nywila ya msimamizi, lugha, na saa. Usitafute Mwanza kwenye orodha ya saa, wala Dar es Salaam. Tumewekwa chini ya Nairobi, saa tatu mbele ya zile za Greenwich. Baada ya hapo ruta yangu ilijaza yenyewe APN, lile jina la mlango ambao laini inapitia kuingia intaneti, ikaunganika. Kama yako haikujaza, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, waulize APN ya laini ya data, uiandike kama walivyoitaja, herufi kwa herufi. Nafasi za jina la mtumiaji na nywila, chini ya APN, mara nyingi huachwa wazi.

Kuna nywila mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya kuingia waifai, nyingine ni ya kuingia kwenye setingi za ruta. Zisifanane. Steshenari yangu ina wanafunzi werevu kuliko mimi, na anayejua nywila ya setingi anaweza kunifungia nje ya ruta yangu mwenyewe. Kwenye ulinzi nimechagua WPA2 pamoja na WPA3, kwa sababu WPA3 ilitoka mwaka 2018 na simu za zamani haziijui. Kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, nimekizima humo ndani. Ruta imekaa dukani, mkono wa mteja unaifikia.

Hadi hapo nilikuwa sijamaliza kikombe cha chai. Kazi ilikuja kwenye kuiweka mahali.

Aliyepita Mwanza anajua mawe yetu. Nyuma ya duka langu kuna jabali lililopita paa, na mnara ninaoutegemea uko upande wa pili wa jabali hilo. Juu kuna mabati, dirishani kuna nondo. Mahali pa kwanza pa ruta palikuwa chini ya kaunta, kwa kuwa ndiko soketi iliko. Taa za netiweki zilikuwa mbili, WhatsApp inapita kwa kusuasua, kupakia cheti kimoja mpaka mteja aanze kupiga miayo. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mteja wangu wa siku zote, akachungulia.

"Shikamoo mama. Hiyo ruta mbona umeizika?"

"Marahaba. Umeme uko hukuhuku chini."

"Umeme unafuata kwa ekstensheni, mama. Mnara haukufuati."

Akanionyesha kitu ambacho karatasi ya maelekezo haikukitaja. Ndani ya setingi, kwenye ukurasa wa hali ya mtandao, kuna namba iitwayo RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta, ina alama ya kutoa mbele yake. Ikikaribia sifuri ni nzuri. Kwenye -80 unastarehe, -100 ni ya kuvumilia, ikipita -110 ni shida. Ile hesabu ya vijiti vinne isikudanganye, maana kijiti kimoja kinabeba tofauti kubwa sana. Chini ya kaunta tulisoma -113. Tukaibeba ruta na ekstensheni yake, tunasimama, tunahesabu pumzi kadhaa namba itulie, tunasogea. Juu ya kabati la rimu ikawa -106. Dirisha la barabarani, -104. Dirisha dogo la ubavuni, lile linalotazama ziwani, ambalo nilikuwa nimeliziba kwa boksi la wino, ikasoma -93.

Nilidhani ameikosea kusoma. Barabarani ndiko kuna watu na minara. Lakini upande wa ziwa hakuna kitu kinachozuia; maji hayana jabali wala ghorofa. Na hizo namba si za kujumlisha: kila ukiongeza kumi, nguvu inayofika imezidi mara kumi, kwa hiyo kutoka -113 hadi -93 ni mara mia. Laini ileile, bando lilelile, ruta ileile. Tangu hapo nikiona mtu amepachika ruta nyuma ya televisheni ili isionekane, nanyamaza kwa adabu tu.

Zile antena mbili, kwa njia, kwenye ruta yangu ni za kuvuta mnara, wala si za kurusha waifai, ambayo antena zake ziko ndani. Kuzielekeza kwa mteja aliye kwenye benchi hakumsaidii kitu. Moja nimeisimamisha, nyingine nimeilaza kidogo.

Printa ilinisumbua kwa njia yake. Ruta inatoka kiwandani ikiwa imeunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja, ichague yenyewe. Printa yangu ya zamani inaona 2.4 tu, na kila ilipotafuta ilipotea njiani. Nikatenganisha majina. 5 ina kasi ila haipendi kuta, nimeiachia kompyuta iliyo karibu; 2.4 inafika hadi barazani, iko kwa printa na simu. Hosteli ya jirani imejaa waifai za watu, hivyo chaneli ya 2.4 nimeichagua kwa mkono. Zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Jaribu zote tatu usiku, wenyeji wakiwa wamerudi.

Kwa wateja nimewasha waifai ya wageni, kipengele kimo humohumo. Ina nywila yake ninayoibadilisha Jumatatu, na anayeiingia haoni printa wala kompyuta yangu. Nimewawekea ukomo wa spidi. Kabla ya hapo mmoja alikuwa anapakua tamthilia nzima huku mwenzake anasubiri barua ya kazi.

Bando ndilo eneo ninaloipa ruta alama ndogo. Meseji za kampuni ya simu, zile za "umebakiwa na asilimia ishirini", zinaingia kwenye laini, na laini iko ndani ya ruta. Ukitaka kuzisoma uingie setingi, sehemu ya SMS. Ya kwangu haina pa kubonyeza menyu za nyota na reli, kwa hiyo bando nalinunua kwa simu, ile njia ya kununulia namba nyingine. Namba ya laini nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa ruta. Na kompyuta ya Windows uiambie kwamba waifai hii inahesabiwa gharama, kipengele kiko kwenye sifa za mtandao wenyewe. Isipoambiwa itajisasisha usiku kucha kwa hela yako. Programu ya ruta nayo ina masasisho yake. Yafanye, ila siku LUKU imejaa, maana umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na boksi la plastiki.

Umeme ukikatika kwa kawaida, ruta inazima hata kama kompyuta mpakato ina chaji. Kuna betri ndogo za ruta, za volti 9 au 12, unaichomeka katikati ya chaja na ruta. Yangu inanivusha hadi mteja wa mwisho aondoke. Nunua volti inayolingana na stika, si ile muuzaji aliyobaki nayo. Radi ni jambo jingine. Ziwa letu ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na zinapenda usiku na alfajiri, duka likiwa limefungwa. Betri ile haizuii radi. Mimi nachomoa chaja ukutani kila jioni, pamoja na printa.

Alama zangu: ruta yenyewe nane kwa kumi, karatasi ya maelekezo mbili, kwa sababu ina lugha kumi na kitu na Kiswahili hakimo, na hata kwenye lugha hizo haisemi lolote kuhusu RSRP. Kama unaishi mtaa uliopitiwa na fiba, na bili yake unaimudu, usinunue hii. Kama uko mlimani, kisiwani, au nyuma ya jabali kama mimi, nunua, na ununue na ekstensheni ndefu. Waranti yangu ni mwaka mmoja. Risiti nimeipiga picha siku ileile, maana hizi za mashine zikikaa miezi michache maandishi yanafutika na duka halipokei karatasi nyeupe.