Kabla hujalipia kamera, toa lenzi uiangalie sensa

Bibi harusi kasimama Mama Ngina, Mombasa, nyuma yake bahari na mbingu nyeupe, na juu ya shela yake madoa matatu ya kijivu. Picha mia mbili, madoa palepale. Ilikuwa vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, ya kamera niliyonunua mtumba hapa mjini. Niliporudi dukani, muuzaji aliivua lenzi akaipuliza sensa kwa mdomo, mate yakaruka. Kisha akaniambia, "Dada, mali ikishatoka hairudi."

Wasomaji huniuliza megapikseli. Kwa albamu ya harusi, 24 zinatosha na kubaki. Mimi nauliza hivi: ukizima kamera ukatoa lenzi, sensa inafunikwa au inabaki uchi? Kamera nyingi za sasa hazina kile kioo cha ndani cha kuikinga kama za zamani, na upepo wetu wa pwani umebeba chumvi na mchanga.

Ya kwanza kwangu ni Canon EOS R ya 2018. Ukiizima, shata, lile pazia la ndani, inajifunga mbele ya sensa. Nabadilisha lenzi ufukweni Nyali, kaskazi ikivuma, bila wasiwasi. Ila shata yenyewe usiiguse, ni nyepesi mno. Mimi ni mtu wa Canon, sifichi.

Ya pili ni Sony A7 IV ya 2021, megapikseli 33. Nayo hufunga, lakini lazima uiwashe huduma hiyo mwenyewe kwenye menyu. Kusema kweli sensa yake inaishinda ile ya Canon: ukipiga buibui jeusi kando ya kanzu nyeupe juani, mikunjo ya buibui unaipata na kanzu haiungui. Bei yake ndiyo inayoniuma.

Sony A7 III ina sensa nzuri sana, ila inabaki wazi. Canon EOS RP, hali kadhalika, na hapo siitetei. Za bei nafuu, tafuta ya zamani yenye kioo.

Dukani, weka f/16 (tundu dogo la lenzi, ndilo linaloanika vumbi), vuruga fokasi, piga ukuta mweupe, kisha ikuze picha uitembee pembe hadi pembe. Muuzaji akikataa usitoe lenzi, ondoka.

Na bei! Dola ilipofika kama shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, wauzaji walipandisha siku hiyohiyo. Iliposhuka hadi karibu 130, nikaulizia kamera ileile duka lilelile. Bei haikushuka hata shilingi.